Kuota jua la asubuhi: mwongozo kwa anayeshinda ndani

Kuna kipindi nilikaribia kumaliza mwezi mzima sijaona kivuli changu. Nilikuwa natoka Mbezi, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nabanana kwenye daladala mpaka Kimara, nabanana tena kwenye basi la mwendokasi mpaka mjini, na saa kumi na mbili na nusu niko mezani. Ofisi iko ghorofa ya nne, vioo vyeusi, mapazia yameshushwa kwa sababu jua linasumbua kwenye kompyuta, kiyoyozi kinavuma kutwa. Chakula cha mchana kinaletwa na hotpoti. Kutoka ni saa moja usiku. Jumapili nalala mpaka saa sita, dirisha nimeliziba na shuka.

Usingizi ukahama. Saa saba usiku macho makavu, asubuhi naamka kama niliyepigwa virungu. Hasira ziko karibu, chakula hakina ladha, simu ikiita naiangalia tu mpaka ikate. Aliyeshtuka wa kwanza hakuwa mimi, alikuwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama," nilimwamkia Jumapili moja nikienda kuchota maji.

"Marahaba. Hivi mwanangu, siku hizi umekuwa popo?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi gani inayomla mtu rangi? Vuta kigoda hapo uote jua. Mtoto mchanga tunamwotesha, sembuse wewe."

Nilikaa kwa adabu, si kwa imani. Baadaye, nilipoanza kusoma habari hizi, niligundua kwamba mama alikuwa sahihi, ila sababu aliyokuwa nayo kichwani, ya mifupa na damu, si yenyewe hasa. Huu ndio utaratibu nilioufuata na ninaoendelea nao. Hauhitaji fedha. Unahitaji dakika ishirini hadi thelathini na ukaidi kidogo.

Kwanza, ujue jua linaingilia wapi

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati moja: saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, basi. Mwili nao una saa yake, ipo ndani ya ubongo nyuma ya macho, na inahesabu hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba kwa watu wengi saa hiyo inachelewa kidogo, mzunguko wake ukipita saa 24 kwa dakika chache. Kila siku inahitaji kurudishwa, na kinachoirudisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga wa asubuhi. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyotembea ndani ya chembe za mwili, na waliyemtumia kujifunzia ni nzi mdogo wa matunda.

Mwanga huo unapita machoni. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kukuonyesha sura za watu. Zinapima tu ukali wa mwanga na kupeleka habari kwenye saa ya ubongo: kumekucha, au kumekuchwa. Habari ikifika asubuhi, melatonini, yaani homoni ya usiku, inakatwa, mwili unachangamka, na hesabu ya kulala inaanza hapo hapo. Habari isipofika, usingizi unasogea mbele, na usingizi ukivurugika moyo nao haukai mbali. Yeyote aliyewahi kulea mtoto mchanga anajua mtu asiyelala anavyokuwa.

Sasa, jua linatibu sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa? Nitasema ninachoweza kukisimamia. Mwaka 2016 madaktari nchini Kanada walichapisha utafiti wa wagonjwa 122 wa sonona isiyofuata msimu wa mwaka. Waliokaa mbele ya taa kali ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa kila asubuhi, kwa wiki nane, walipata nafuu zaidi ya waliopewa tiba za kuzugia, na waliochanganya taa na dawa walifanya vizuri zaidi. Taa hiyo inaiga jua. Sisi tunalo lenyewe, tunalifungia nje kwa pazia.

Hatua ya kwanza: pima mwanga unaoupata kweli

Usiruke hatua hii, maana ndiyo itakayokubadilisha mawazo. Simu nyingi za kisasa zina kihisio cha mwanga juu ya kioo, na programu za bure za kupima luksi ziko tele. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha. Shika simu usawa wa macho, kioo kikiangalia kule unakoangalia wewe.

Mezani kwangu ilisoma 190. Nilidhani ni mbovu, nikasogea chini ya taa ya dari: 340. Nikashuka chini kwenye maegesho, nikasimama kwenye kivuli kizito cha mwarobaini, pale wanapokaa madereva: 6,000 na ushei. Nikatoa mkono nje ya kivuli, namba zikapanda kupita uwezo wa simu. Jua la mchana katika anga safi hufika karibu luksi 100,000.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka dereva mmoja akaniuliza, "Vipi bosi, mtandao unasumbua?" Macho yanatudanganya. Yanazoea haraka, kwa hiyo ofisi inaonekana ina mwanga wa kutosha na kivuli cha mti kinaonekana giza, wakati kivuli kina mwanga mara thelathini ya meza.

Kwa siku mbili andika tu: ulitoka nje saa ngapi, ukakaa dakika ngapi, kwenye simu ilisoma ngapi. Ndani ya daladala iliyobanana usihesabu.

Hatua ya pili: chagua saa, kisha ilinde

Saa bora ni ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka, jua likiwa limeshatoka. Kwa Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo anayepanda gari saa kumi na moja ameliacha kitandani. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha anga ikiwa nyeupe. Kukiwa na wingu zito, ongeza.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu asubuhi ya mjini haina nafasi. Usitafute nafasi mpya. Tazama njia unayopita kila siku, uone wapi unaweza kuikata. Mimi nilichelewesha safari kwa dakika arobaini, baada ya kuomba niingie saa moja na nusu na kupunguza mapumziko ya mchana. Kisha nikaanza kushuka kituo cha Fire badala ya kwenda mpaka mwisho. Kutoka Fire mpaka ofisini natembea, upande wa barabara wenye jua, na njiani nanunua chapati mbili kwa mama ambaye sasa ananijua. Siku nikichelewa kupita ananiuliza kama nilikuwa naumwa.

Kama ni wa nyumbani, mambo ni rahisi zaidi. Fagia uwanja jua likishatoka, si gizani. Menya viazi nje. Mwagilia mchicha. Kunywa chai barazani: wazee wa Lamu na Unguja waliojenga baraza za mawe mbele ya nyumba hawakuwa na habari ya luksi, lakini anayenywa kahawa yake pale saa moja asubuhi anapata mwanga, salamu na maneno kwa mpigo. Mtoto wa shule ni kisingizio kizuri kuliko vyote. Msindikize kwa miguu.

Mtaniuliza, basi ni mwanga au ni kutembea na kusalimiana? Vyote vinasaidia, kila kimoja kwa njia yake, na kwangu vilikuja pamoja. Sikutaka kuvitenganisha.

Hatua ya tatu: elekeza macho, linda ngozi

Hii ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Mtu akisikia "jua ni dawa" anaenda kujianika kama dagaa. Kwa saa ya mwili ngozi haihusiki. Kinachotakiwa ni macho yawe nje, yanaona mbali, anga iko mbele yako. Usilitazame jua lenyewe hata sekunde moja; linaunguza nyuma ya jicho na jeraha lake halina maumivu ya kukuonya. Miwani myeusi ivue kwa dakika hizo kama macho yako ni mazima. Kofia haina neno. Baibui na nikabu havizuii chochote maadamu macho yako wazi.

Kivuli kinakubalika, tena saa nyingine ndicho bora. Narudia kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino, ambao kila makala ya kusifia jua huwasahau. Mwenye ualbino hana haja hata kidogo ya kujianika. Akae chini ya mti au barazani, nguo ndefu, kofia pana, miwani yake avae, na mafuta ya kujikinga asiache. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili yao. Mwanga wa kivulini unatosha kabisa kuamsha ubongo.

Dirishani je? Ni bora kuliko katikati ya chumba, lakini ni nusu ya kazi, na kioo cheusi kinakula sehemu kubwa. Fungua dirisha au toka.

Neno moja kuhusu vitamini D, kwa sababu lazima mtu ataiuliza. Ngozi huitengeneza kwa miale ambayo kioo cha kawaida hakiipitishi, na ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Ni muhimu kwa mifupa. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2020, uliofuata watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa takriban miaka mitano, haukuona vidonge vya vitamini D vikizuia sonona. Kwa hiyo anayekuuzia kopo la vidonge kwa bei ya gunia la mchele akidai ni "jua la kumeza", mwache aende.

Hatua ya nne: mchana, toka kidogo, kaa kivulini

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri jua letu la Pwani ni kali mno. Likiwa utosini kipimo cha miale yake mara nyingi hupita 11, daraja ambalo wataalamu huliita la hatari kupita kiasi. Dakika kumi chini ya mwarobaini baada ya chakula zinatosha kuvunja siku. Maji ya kunywa usiyasahau.

Kuna dawa zinazofanya ngozi iungue haraka. Doksisaiklini, ambayo watu hupewa kwa magonjwa mengi, ni mojawapo, na kloropromazini inayotumika kwa magonjwa ya akili ni nyingine. Anayetumia lithiamu ajihadhari na kutoka jasho jingi bila kunywa maji, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuzidi mwilini. Usiache dawa kwa ajili ya jua. Kaa kivulini na umwambie daktari. Na mwenye baipola, yaani yule ambaye siku nyingine hupanda kwa nguvu na furaha isiyo ya kawaida kisha hushuka, azungumze na daktari kwanza kabla ya kujiongezea mwanga mwingi, maana mwanga mkali umewahi kuwapandisha baadhi ya wagonjwa.

Hatua ya tano: usiku uwe usiku

Nilijifunza hili siku umeme ulipokatika. Saa mbili na nusu mtaa mzima kimya, mshumaa mmoja, simu imeisha chaji. Saa tatu na robo nilikuwa nimelala, mimi wa saa saba. Saa ya mwili inataka tofauti kati ya mchana na usiku, na sisi tunaipa mchana hafifu na usiku wenye taa, mambo yote rangi moja ya majivu.

Zima taa ya dari mapema, bakiza ndogo. Simu iweke mbali na kitanda, hata kama ni kwa kuichajia jikoni. Kwa mlinzi, nesi na dereva wa usiku mambo yanageuka: mwanga wakati wa kuanza zamu, miwani myeusi njiani kurudi nyumbani asubuhi, pazia zito, na jua lako ulitafute alasiri ukishaamka. Si rahisi, na sitajifanya kwamba ni rahisi.

Kwa ndugu walio mbali

Jua analolikimbia huyu, mwingine analililia. Desemba mjini Stockholm mchana ni saa sita tu. Unaingia kazini giza, unatoka giza, na jua lenyewe linachungulia kama mwizi. Sonona ya msimu, inayomshika mtu kila baridi ikiingia na kumwachia masika ya kule yanapofika, ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani. Rosenthal alitokea Afrika Kusini, na alianza kuliona jambo hilo kwake mwenyewe baada ya kuhamia kwenye baridi ya kaskazini. Kwa hiyo usijione mvivu. Toka mchana hata kama kuna mawingu, na muulize daktari wako habari ya taa ya luksi 10,000, nusu saa asubuhi, ikiwa imekaa mbele yako kidogo pembeni, nawe hauitazami moja kwa moja.

Walioko Muscat na Doha wana kesi nyingine: joto la Julai linawafungia ndani miezi mitatu. Wao watembee mara tu jua linapotoka baada ya swala ya alfajiri, kabla lami haijaanza kutoa mvuke.

Hatua ya sita: andika, na ujue kikomo

Daftari dogo, mistari mitatu kila siku kwa wiki mbili: nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, moyo umechangamka kiasi gani kati ya 1 na 5. Usingizi ndio hubadilika kwanza. Kwangu siku ya sita nilisinzia saa nne na nusu kwenye kiti, rimoti mkononi. Moyo ulichukua muda zaidi, nilitoka 2 kwenda 3 katika wiki ya pili, na kuna siku nilirudi 2.

Lakini kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha, nenda hospitali. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, watakuandikia rufaa. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Na kama unawaza kujidhuru, usisubiri jua lichomoze. Mwamshe mtu sasa hivi, mwambie kwa maneno yaliyo wazi, na aende nawe.

Mvua zikija

Swali la mwisho ninaloulizwa ni hili: na masika je? Aprili ilipoingia mama mwenye nyumba aliniuliza hivyo hivyo, akidhani amenishika. Jumamosi ile ilikuwa inanyesha tangu usiku, mbingu nyeusi, maji yanatiririka kwenye bati. Nilivuta kigoda chake nikakaa ukingoni mwa baraza, nikatoa simu, nikaielekeza kwenye mvua.

"Inasemaje?" akauliza.

"Elfu tatu na mia mbili, mama. Ofisini kwangu ni mia na tisini."

Akaitazama ile simu, akanitazama mimi. "Basi sogea," akasema, "nami nikae."